Doti, Kitenge na Mbeleko: Habari za Vazi la Wanawake wa Iringa na Mbeya

Habari za kanga zimekwisha andikwa mara nyingi, nazo aghalabu huanzia Unguja na Mombasa na kukomea huko huko. Bara hutajwa mwishoni, kana kwamba ni soko tu, mahali nguo ilipopelekwa baada ya historia yake kwisha. Katika makala haya nakusudia kuitazama nguo hiyo kutoka upande wa pili, yaani kutoka Iringa na Mbeya, na kuitazama pamoja na jirani yake kitenge, ambacho katika Nyanda za Juu za Kusini kimepata heshima isiyopungua ile ya kanga. Nathubutu kusema kwamba wanawake wa nchi hizo hawakupokea vazi lililokwisha kukamilika. Walipokea vipande vya nguo, wakavipa kazi ambazo ngozi na magome ya miti yalikuwa yakizifanya tangu zamani. Na ushahidi wa jambo hilo umo katika maneno kuliko ulivyo katika hesabu za wafanya biashara.

Kwanza yafaa tulieleze vazi lenyewe. Mji wa Iringa umeinuka kiasi cha mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Mbeya kiasi cha mita 1,700. Njombe na Makete ni juu zaidi, na katika uwanda wa Kitulo jalidi huanguka miezi ya Juni na Julai. Kanga peke yake ni nguo nyembamba, iliyozaliwa katika joto la visiwani. Kwa hiyo mwanamke wa huku huvaa kwanza gauni, au sketi na blauzi. Juu yake hujifunga kitenge kutoka kiunoni hadi karibu na vifundo vya miguu. Kipande cha pili hukitupa mabegani, au humfungia mtoto mgongoni. Na asubuhi ya baridi sweta hukaa katikati ya hayo yote. Mtu wa Pwani huenda akasema kwamba hilo ni rundo la nguo, si vazi. Walakini lina utaratibu wake. Kitenge cha kiunoni hulinda gauni shambani na jikoni; mgeni abishapo hodi, hufungwa upya au hubadilishwa; na mwanamke atokaye kwenda msibani bila ya kujifunga nguo kiunoni huonekana kama mtu aliyekwenda kutazama tu, si kufanya kazi wala kulia na wenziwe. Kiswahili kinayo maneno ya kale kwa mfungo huo: kibwebwe na masombo. Kujifunga kibwebwe ni kukaza nia, na maana hiyo ilitoka katika viuno vya wanawake kabla ya kuingia katika hotuba za wanasiasa.

Kabla ya nguo za dukani kuenea, watu wa nchi hizi walivaa vitu vilivyotoka katika nchi yenyewe. Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani, aliyetoa kitabu chake kikubwa juu ya nchi za Nyasa na Ruvuma mwaka 1906, alipiga picha nyingi za Wanyakyusa na majirani zao, na katika picha hizo twaona vitambaa vya gome la mti na masango ya shaba ya manjano yaliyozungushwa kiunoni. Upande wa Uhehe na Ubena ngozi zilitumika sana. Magharibi, katika bonde la Rukwa, pamba ilisokotwa na kufumwa kwa mikono, na Wafipa walisifika kwa nguo zao nzito. Basi si kweli kwamba nchi hizi hazikujua nguo hata msafara wa kwanza ulipofika. Kinyakyusa huita nguo umwenda, wingi imyenda. Na neno hilo hilo limo katika Kinyarwanda, mbali sana na njia ya misafara iliyopita Iringa. Kitenzi cha kuvaa, ukufwala, ni hicho hicho cha Kibemba. Lugha imehifadhi neno lake kwa jambo lenyewe, na kuazima majina kwa aina za nguo tu: kanga, kaniki, kitenge, gauni, blanketi. Mpango huo wa maneno wafaa kuangaliwa sana na yeyote anayetaka kusema kwamba uvaaji wa nguo ni jambo la kuletwa.

Nguo ya kwanza kufika kwa wingi kutoka Pwani ilikuwa merikani. Jina lake ladhihirisha asili yake: ni kitambaa cha pamba kisichopaushwa kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja na merikebu za Salem. Mkataba wa biashara baina ya Marekani na Sayyid Said uliwekwa mwaka 1833, na balozi wao wa kwanza, Richard Waters, alifika Unguja mwaka 1837. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilikatiza biashara hiyo, na viwanda vya Uingereza na Bombay vikachukua nafasi. Lakini jina halikubadilika, na hata kitambaa kilichofumwa Bombay kiliitwa merikani. Pamoja nacho ilikuja kaniki, nguo ya rangi ya nili iliyokoza hata kuwa nyeusi, kutoka Uhindi.

Hapa pana jambo ambalo, kwa maoni yangu, halikupewa uzito unaostahili. Unguja, merikani na kaniki zilikuwa nguo za watumwa na maskini. Baada ya amri ya kuondoa utumwa ya mwaka 1897, wanawake waliopata uhuru waliziacha upesi na kuvaa kanga za rangi, na kwa kufanya hivyo walitangaza bila ya kusema neno kwamba wamekuwa watu wengine. Bara hali ilikuwa kinyume. Huko merikani ilikuwa fedha na heshima. Meno ya ndovu yalinunuliwa kwayo, hongo ililipwa kwayo, na nguo ilikuwa miongoni mwa mali ambayo watawala waligawia watu wao. Kipande kile kile kilichokuwa alama ya utumwa mjini Unguja kilikuwa alama ya ukubwa katika Uhehe wa Munyigumba na Mkwawa. Ndiyo sababu kaniki haikudharauliwa upesi katika Nyanda za Juu kama ilivyodharauliwa Pwani. Anayetafsiri maana ya vazi kwa kutazama kitambaa peke yake atapotea njia.

Vipimo vya nguo vya wakati wa misafara vilikuwa vya mkono. Shuka ilikuwa mikono minne, yaani yadi 2. Doti ilikuwa mikono minane, yaani shuka mbili. Na jora lilikuwa mtumba mzima wa kitambaa kabla ya kukatwa. Neno doti lina asili ya Kihindi, nalo huko kwao ni jina la vazi la mwanamume. Kwetu liligeuka kuwa kipimo cha mali, kisha likarudi tena kuwa vazi, safari hii vazi la mwanamke: kanga mbili zilizo sawa, zisizokatwa bado au zilizokatwa zikapindwa. Mwanamume wa Kihehe kwa upande wake alishika mgolole, ile nguo pana ifungwayo juu ya bega moja, na wazee wangali wakiuvaa katika sherehe. Mwanamke alishika doti. Maneno mawili hayo yaligawana jinsia, ingawa zamani kitambaa kilikuwa kimoja.

Juu ya asili ya kanga nitasema kwa ufupi, maana wengine wamekwisha eleza. Ilitokea katika miji ya Pwani katika miaka ya 1870 na 1880. Jina leso, litumikalo sana Mombasa, ni Kireno cha kitambaa cha mkononi, na kanga ni jina la yule ndege mwenye madoadoa. Viwanda vya Uholanzi, katika miji ya Leiden na Helmond, vilichapa kanga kwa ajili ya soko letu kwa miaka mingi. Baadaye zikaja za Uhindi na Japani. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa Mombasa mwaka 1887, limejulikana kila mahali kwa alama yake ya Mali ya Abdulla. Kanga ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, yaani maneno yaliyoandikwa, kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa herufi za Kirumi. Nataka msomaji akumbuke sehemu hizo tatu, kwa kuwa zitatusaidia tutakapofika kwenye kitenge.

Njia ya kanga kufika juu haikuwa ya misafara ya pembe. Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilitekwa mwezi wa Oktoba 1894, naye mwenyewe alikufa mwezi wa Julai 1898. Mji mpya wa Wajerumani ulichukua jina la Iringa kutokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome. Mwaka ule ule wa 1898 kodi ya nyumba iliwekwa, na wanaume wakalazimika kutafuta fedha: katika mashamba ya mkonge ya Tanga, baadaye katika dhahabu ya Lupa, katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na hata Afrika ya Kusini. Mji wa Mbeya wenyewe ulianzishwa mwaka 1927 kwa sababu ya dhahabu hiyo ya Lupa. Aliyerudi kutoka kazini alirudi na nguo. Ndiyo iliyokuwa thibitisho la safari yake. Godfrey na Monica Wilson, waliokaa na Wanyakyusa baina ya 1934 na 1938, na Gordon Brown na Bruce Hutt, walioandika juu ya wilaya ya Iringa mwaka 1935, walizikuta jamii ambazo nguo imekwisha kuwa sehemu ya wajibu wa mume kwa mke. Mume asiyemvika mke alikuwa na la kujibu mbele ya wazee. Kisha kahawa ya Rungwe na Mbozi, mpunga wa Kyela na ndizi za masokoni zikaongeza fedha nyumbani, na wanawake waliouza mazao wakaanza kujinunulia wenyewe madukani. Nadhani hapo ndipo uchaguzi wa rangi ulipoanza kuwa jambo la maana.

Wamisionari nao walikuwa na sehemu yao. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na watu wa Misheni ya Berlin wakafika Unyakyusa mwaka huo huo. Iringa ilipata Wabenedikti na baadaye Wakonsolata, ambao Tosamaganga ndiyo kituo chao mashuhuri. Shule zao zilileta gauni, cherehani, na fikra kwamba mwili uliofunikwa ni alama ya imani. Wako wasemao kwamba staha ya wanawake wa Nyanda za Juu ilifundishwa katika shule hizo. Mimi sikubali, na sababu yangu ni ya lugha. Wanyakyusa wana desturi ya kale inayomtaka mke amwepuke baba mkwe wake: asikutane naye njiani, asimtazame, na wakikutana ghafla ajifiche au ajifunike. Desturi hiyo ina upande wake wa usemi, uitwao ingamwana, ambao mke haruhusiwi kutaja majina ya wakwe wala maneno yanayofanana nayo kwa sauti, bali hutafuta maneno mengine badala yake. Msamiati mzima umeota kutokana na heshima hiyo. Watu waliofikia kuisitiri hata silabi hawakungoja kufundishwa maana ya sitara. Walichopewa na misheni ni kushona. Sitara walikuwa nayo, na kipande cha nguo kilipopatikana kilikuwa chombo chepesi zaidi cha kuitimizia.

Sasa tuje kwenye kitenge. Umbo la neno lenyewe latuelekeza kusini: Kichewa husema chitenje, na watu wa Zambia husema chitenge. Kwa watu wa Mbeya jambo hili si la vitabuni tu, maana Tunduma ni mpaka na soko kwa pamoja, na kitambaa kitokacho Zambia na Kongo hupita hapo kila siku. Reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya 1970 na 1975, ilipita Makambako na Mbeya na kuifungua njia hiyo zaidi. Nguo yenyewe ina safari ndefu kuliko jina lake. Waholanzi waliiga batiki za Java kwa mashine katika karne ya 19, na kiwanda cha Vlisco cha Helmond kilianza mwaka 1846. Wateja wakubwa wa nguo hizo za nta wakawa watu wa Afrika ya Magharibi, na kutoka huko mtindo ukaenea Kongo na kuja kwetu. Baada ya Uhuru Tanzania ilichapa vitenge vyake: kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilianza mwaka 1968, na Mbeya nayo ilipata kiwanda chake, Mbeyatex.

Kwa nini kitenge kikapendwa huku hata kulingana na kanga, au kuishinda? Sababu moja ni uzito, nayo nimekwisha igusia. Sababu ya pili imo katika sehemu tatu za kanga nilizozitaja. Kanga imechorwa ili isikatwe. Ukiikata kwa mkasi utaondoa pindo, utaupasua mji, na jina litabaki nusu. Kanga ni kitu kizima kama barua. Kitenge hakina pindo la pande nne wala jina; nakshi zake hurudiwa tangu mwanzo wa jora hadi mwisho, kwa hiyo fundi aweza kukikata popote. Katika nchi ambayo gauni lilikuwa limekwisha kuwa vazi la heshima la Jumapili, kitenge kiliweza kuwa gauni na kubaki kitenge: nusu hushonwa, nusu hufungwa juu yake, na vazi zima likawa la nakshi moja. Fundi akaacha kuwa mtu wa kupinda nguo tu. Akawa mbuni wa mishono, na ukuta wa kibanda chake ukajaa picha za mishono ambazo mteja hunyoosha kidole na kuchagua. Uzuri wa vazi hili, kwa macho yangu, umo katika kule kukutana kwa kilichokatwa na kisichokatwa. Mabega na mikono hufuata mwili kwa ustadi wa cherehani. Kiuno na miguu hufuata mfungo wa mkono, ambao kila mwanamke anao wake, na ambao hakuna fundi awezaye kuushona.

Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, uliokataza sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia tangu Januari 1969 mjini Dar es Salaam, kwa hoja kwamba si mila zetu. Mabishano yaliyofuata yalijaza magazeti. Wachache waliuliza kwa nini gauni refu lihesabiwe kuwa la kwetu, au kitenge cha asili ya Java na Helmond. Swali la vazi la taifa limerudi mara kwa mara tangu hapo, na kamati zimeundwa, na kila mara limekwama mahali pale pale, yaani kutafuta nguo isiyotoka kwingine. Nguo ya namna hiyo haipo Iringa wala Mbeya, wala sidhani kama ipo popote. Jambo la kuuliza ni kazi gani nguo imepewa na waliyoipokea.

Thamani ya kazi hizo ilionekana wazi nguo zilipoadimika. Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979 maduka yalikuwa matupu. Doti ya kanga ilitafutwa kwa foleni na kwa kujuana, na wakati wa kampeni ya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi nguo zilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizosakwa maghalani. Masharti ya kuingiza bidhaa yalilegezwa mwaka 1984, na mitumba ikarudi kwa wingi. Yalitazamiwa mengi kuhusu mitumba, hasa kwamba itaua kitenge. Iliua viwanda kadhaa. Gauni na sweta za mitumba zilienea kila kijiji. Lakini kipande cha kufunga kiunoni na kipande cha mgongoni havikupata mbadala ndani ya mtumba, kwa kuwa walioshona nguo zile Ulaya hawakuwa na kazi hizo.

Kazi ya mgongoni ndiyo iliyo kongwe kuliko zote. Kiswahili husema kubeleka kwa kuchukua mtoto mgongoni, na nguo ya kumchukulia ni mbeleko, au ubeleko. Kichewa, ng’ambo ya Nyasa, husema kubereka kwa maana mbili, kuzaa na kubeba mgongoni. Kinyakyusa hutumia mzizi mwingine, -papa, nao una njia ile ile: kwa Wabemba ukupapa ni kubeba mtoto mgongoni, na kwa Wanyakyusa ni kuzaa, hata wazazi wakaitwa abapapi. Mizizi miwili tofauti, katika lugha zinazopakana, imeunganisha tumbo na mgongo kwa namna moja. Mtoto huhesabiwa kuwa amezaliwa mara mbili, na mara ya pili huzaliwa katika nguo. Zamani ilikuwa ngozi laini. Leo ni kanga au kitenge, na mama mjamzito akijiandaa kwenda kujifungua hutia doti za kanga katika mfuko wake kabla ya kitu kingine.

Ndiyo maana zawadi za ndoa zilipata majina ya nguo. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 yaeleza mkaja kuwa ni nguo ya kujifunga tumboni mwanamke aliyejifungua, na pia kuwa ni zawadi ya bwana arusi kwa mama wa bibi arusi; ubeleko nao una maana hizo mbili, nguo na zawadi. Bwana arusi humrudishia mama ile nguo iliyochakaa kwa kumlea binti. Maneno hayo ya Pwani yameingia katika mazungumzo ya posa huko Iringa na Mbeya bila ya shida, kwa kuwa fikra yake ilikuwako. Katika orodha za mahari ziandikwazo leo, mkaja na ubeleko mara nyingi hutajwa kwa hesabu ya shilingi, sawa na ng’ombe. Lakini chini ya shilingi hizo huandikwa pia vitu vyenyewe: blanketi la bibi, mgolole wa babu, vitenge vya mama na vya mashangazi, na siku vinapoletwa, kila kimoja hukunjuliwa mbele ya watu, na shangazi hukishika pindoni, akakipapasa kwa vidole kujua uzito wake, kabla ya kukikunja tena na kukiweka kando.